Wiki ya Mei mashambani Uingereza: jinsi ya kutazama ndege na wanyama pwani ya Suffolk

Aliyezoea Serengeti au Maasai Mara akienda mashambani Uingereza kutafuta wanyama wakubwa, atarudi analalamika. Dubu na mbwa mwitu walimalizwa kule karne nyingi zilizopita. Waliobaki ni viumbe wadogo, wengi wao wenye kujificha, na wana majira mafupi ambayo mambo yote hutokea kwa mpigo: majani yanachipua, ndege wanarejea kutoka Afrika, wanaimba, wanajenga, wanatotoa. Unawatazama kwa miguu yako mwenyewe, bila gari la watalii wala askari mwenye bunduki. Mwongozo huu ni wa safari ya wiki moja, mahali pamoja. Ni wa wanaotoka nyumbani, na zaidi ni wa ndugu zetu walioko London, Leicester au Milton Keynes, ambao wamekaa huko miaka na hawajawahi kulala kijijini hata usiku mmoja.

Hatua ya 1: Panga tarehe kwanza, mahali baadaye

Majira ya kuchipua huhesabiwa kuanzia Machi hadi Mei, lakini miezi hiyo mitatu haifanani hata kidogo. Machi bado ni baridi. Uzuri wake ni sungura wakubwa wa mashambani wanaosimama kwa miguu ya nyuma na kupigana makofi katikati ya ngano changa. Mara nyingi huyo anayepiga ni jike anayemkataa dume. Aprili mbayuwayu wanaingia, na kuelekea mwisho wa mwezi sakafu za misitu ya zamani zinageuka buluu kwa maua ya bluebell, ambayo karibu nusu ya yote duniani yako Uingereza na majirani zake wa visiwa hivyo.

Mimi ningechukua siku kati ya tarehe 8 na 20 Mei. Kufikia hapo karibu wageni wote kutoka Afrika wamefika na bado wanaimba kwa nguvu, majani ya miti hayajawa mazito kiasi cha kuwaficha, na bluebell za mwishomwisho bado zipo. Kuna sababu ya mfuko pia. Jumatatu ya kwanza na ya mwisho ya Mei ni sikukuu za kitaifa, na juma la mwisho shule nyingi hufungwa, kwa hiyo vyumba hupanda bei. Katikati yake kuna utulivu.

Jiandae kwa mchana mrefu. Pwani ya Suffolk, tarehe 15 Mei, jua linachomoza kama saa 10:50 alfajiri na kuzama kama saa 2:45 usiku. Saa za huko ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili tangu Jumapili ya mwisho ya Machi. Anayeswali atakuta Alfajiri imeingia usiku mkubwa na Isha imechelewa sana, lakini kwa safari hii hilo lina faida yake: ukishaamka kuswali, usirudi kitandani.

Hatua ya 2: Kaa kijiji kimoja

Wageni wengi hukodi gari na kutaka kumaliza nchi nzima kwa wiki moja. Wanaona barabara. Mnyama wa mashambani ana ratiba yake, na ukimkosa leo saa 11 alfajiri utampata kesho saa 11 alfajiri, mradi uwe bado upo hapo.

Nimechagua pwani ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza, kati ya Aldeburgh na Southwold, kwa sababu mazingira matano tofauti yamebanana ndani ya mwendo wa miguu: matete, mabwawa ya maji ya chumvi kidogo, msitu, nyika ya vichaka na ufuko wa mawe. Tena ni moja ya sehemu kavu za Uingereza. Katikati yake iko hifadhi ya Minsmere, inayosimamiwa na RSPB, chama cha kulinda ndege kilichoanzishwa mwaka 1889. Tafuta malazi Westleton, Dunwich, au vijiji vya karibu.

Nyumba za kulala wageni zenye kifungua kinywa ni nzuri kwa wawili, ila mwambie mwenyeji mapema kwamba utatoka kabla ya alfajiri, akufungie chakula cha kubeba. Familia itapata nafuu kwa kukodi nyumba ndogo au karavani yenye jiko. Nyingi hukodishwa kwa wiki nzima, kuanzia Ijumaa au Jumamosi. Jiko lina maana nyingine kwa wanaokula halali: vijijini hutaipata kwa urahisi, hivyo nunua nyama yako Ipswich au uje nayo kutoka London. Samaki na chipsi wa Aldeburgh wana sifa kubwa, lakini uliza kwanza wanakaangia nini, maana baadhi ya maduka ya chipsi Uingereza hutumia mafuta ya ng'ombe.

Hatua ya 3: Makaratasi na usafiri

Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya mgeni. Maombi hupokelewa ndani ya miezi mitatu kabla ya safari, na majibu kwa kawaida huchukua kama wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole. Kwa safari ya katikati ya Mei, anza mwishoni mwa Februari. Mwenye pasi ya Oman, Marekani, Kanada au nchi nyingi za Ulaya haombi viza, ila lazima awe na kibali cha kielektroniki kiitwacho ETA kabla ya kupanda ndege.

Kutoka London panda treni kituo cha Liverpool Street hadi Ipswich, kisha badilisha treni, panda ya njia ya East Suffolk na ushuke Darsham. Ni kama kilomita 8 kutoka hapo hadi Minsmere. Tiketi za kuagiza mapema huanza kuuzwa hadi wiki 12 kabla na ni rahisi kuliko za siku yenyewe. Teksi ya kutoka Darsham iagize siku mbili kabla. Hakuna bodaboda inayokusubiri getini, na basi la kijijini linaweza kupita mara chache tu kwa siku, Jumapili lisipite kabisa.

Ukikodi gari, utaendesha kushoto kama nyumbani. Leseni yako ya nje inakubalika kwa miezi 12. Tahadhari ni njia za mashambani: nyembamba, zina ua wa miti pande zote mbili, na trekta hutokea kwenye kona bila hodi. Mmoja wenu atarudi nyuma hadi penye nafasi, na mwenye kupishwa huinua mkono kushukuru. Usipoinua, umetukana.

Hatua ya 4: Unachobeba

Darubini ndiyo kitu pekee cha kutumia fedha. Chukua yenye namba 8x42: ya kwanza ni mara inavyokuza, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita. Watu hudhani 10 au 12 ni bora, ila kadiri inavyokuza ndivyo mkono unaotetemeka unavyoharibu picha, na uwanja wa kuonea unapungua. Wakazi wa Uingereza watapata za mitumba zilizo safi.

Mchana wa Mei pwani hii huwa nyuzi 15 hadi 17, alfajiri 6 au 7, na upepo wa Bahari ya Kaskazini unaifanya ihisiwe chini ya hapo. Vaa nguo nyembamba kadhaa kwa tabaka, juu yake koti lisilopitisha maji wala upepo. Glavu, ndiyo, hata Mei. Rangi ziwe za kufifia. Koti linalochakarisha kila unapogeuka liache nyumbani, litakukosesha mengi. Kama unasumbuliwa na chavua, beba dawa zako.

Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka mjini, kwa kuwa mtandao hukatika. Programu ya Merlin ya chuo kikuu cha Cornell ni ya bure na inatambua ndege kwa sauti. Itumie kusikiliza tu. Kumpigia ndege wimbo wa mwenzake wakati wa kutaga ni kumchokoza: anadhani kavamiwa, anaacha kazi yake na kutafuta adui asiyekuwepo.

Hatua ya 5: Alfajiri ya kwanza ni ya masikio

Usianze na hifadhi. Siku ya kwanza toka nje ya nyumba yako saa 9:45 hadi saa 10 alfajiri, kiza kikiwa bado, usimame penye miti na ua. Huo ni wakati wa kile Waingereza wanachokiita kwaya ya alfajiri, na kilele chake ni kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Juni. Jumapili ya kwanza ya Mei ni siku yake ya kimataifa.

Hawaanzi wote pamoja. Miongoni mwa wa mwanzo ni robin, mdogo mwenye kifua cha rangi ya machungwa, sauti nyembamba inayotiririka kama ya mtu mwenye huzuni kidogo. Karibu naye anaingia blackbird, mweusi mwenye mdomo wa njano, sauti nzito, ya taratibu, iliyotulia. Kisha song thrush, ambaye utamtambua kwa sababu husema kila neno mara mbili tatu kabla ya kwenda neno lingine. Wadogo sana, wanaokula wadudu, husubiri mwanga uwatoshe. Kuna sababu za kuimba saa hiyo: hewa imetulia, kelele ni chache, na giza bado halimruhusu ndege kuona chakula vizuri, basi anautumia muda huo kutangaza kwamba hajafa usiku na eneo bado ni lake.

Usijaribu kuwatambua wote. Shika watatu hao asubuhi ya kwanza. Kila siku ongeza mmoja au wawili. Mwisho wa wiki utakuwa unatembea huku ukijua nani yuko wapi bila kunyanyua darubini.

Jua likishatoka, sikiliza mbali, upande wa matete. Unamtafuta kekeo, ambaye Waingereza humwita cuckoo. Dume hutamka silabi mbili, “kuk-kuu”, zinazosikika kilomita nzima asubuhi tulivu. Watafiti wa BTO, taasisi ya Uingereza ya kuchunguza ndege, wamewafunga kekeo vifaa vya setilaiti tangu 2011 na kugundua kwamba msimu wa baridi wanaupitisha kwenye misitu ya bonde la Kongo. Kule hukaa kimya karibu muda wote. Mtu wa Kisangani anaweza kuishi chini yao miaka asijue wana sauti, akaisikia kwa mara ya kwanza Suffolk. Tena uwahi: jike hutaga kwenye viota vya ndege wengine, hasa ndege mdogo wa matete, hana mtoto wa kulea, na kufikia Juni baadhi ya wakubwa wanaanza kurudi kusini. Ukifikiri vizuri, kekeo wa Uingereza ni ndege wetu anayekwenda Ulaya kwa kazi ya wiki chache.

Teleka, ndege wanaofanana na mbayuwayu (swift kwa Kiingereza), nao hupitia Kongo, na wengine husogea hadi Msumbiji. Wanafika Uingereza mwanzo wa Mei na kuondoka Agosti. Tazama juu ya paa za Aldeburgh na Southwold jioni, wakifukuzana wakipiga mayowe.

Hatua ya 6: Minsmere, siku nzima, mara mbili

Njia za hifadhi hufunguliwa alfajiri hadi magharibi. Jengo la mapokezi na mgahawa hufunguliwa baadaye. Kiingilio hulipwa na asiye mwanachama, na kwa familia inayoishi Uingereza uanachama hulipa haraka. Nenda siku mbili zisizofuatana.

Anza na vibanda vya kutazamia: vyumba vya mbao vyenye madirisha membamba, unakaa ndani na ndege hawakuoni. Adabu ya kibandani ni kama ya maktaba. Ingia taratibu, usitoe mkono nje ya dirisha, ukiona kitu sema kwa sauti ya chini ili na wengine wakione. Na uliza. Wazee wenye darubini kubwa za miguu mitatu hupenda kuulizwa, na wengi watakuachia uchungulie.

Kibanda cha Island Mere, juu ya bwawa lililozungukwa na matete, ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Kaa saa mbili bila kuhama. Utakayemsikia kabla ya kumwona ni bittern, ndege wa jamii ya yangeyange lakini wa kahawia yenye michirizi, rangi ileile ya matete. Dume hutoa mvumo mzito wa chini, kama mtu anayepuliza mdomoni mwa chupa kubwa, na unaweza kufika kilomita 5. Mwaka 1997 madume waliosikika Uingereza nzima walikuwa 11 tu. Matete yalikuwa yanakauka na kugeuka kichaka. Hifadhi zikafukua, zikarudisha maji na samaki, na leo madume hao ni zaidi ya 200. Ukimwona akiruka juu ya matete, ni sekunde chache, kisha anatua na kutoweka.

Juu ya matete hayohayo huelea marsh harrier, ndege mla nyama mwenye mabawa yaliyoinuliwa kidogo kwa umbo la V. Mwaka 1971 jozi iliyozaliana Uingereza ilibaki moja, hapa Minsmere. Sasa ziko mamia. Mei, dume analeta windo. Jike anainuka kutoka kiotani, anageuka chali hewani na kulidaka likiwa linaanguka. Ukimwona dume anakuja amening'iniza kitu miguuni, usishushe darubini. Majini, tazama mistari inayokatiza bwawa pasipo upepo: huenda ni fisi maji.

Upande wa bahari kuna mabwawa mapana yenye kina kifupi, yaliyochimbwa chini ya usimamizi wa Bert Axell, mlinzi wa hifadhi wa enzi hizo. Huko wako avocet, weupe wenye mistari myeusi, mdomo mwembamba uliopinda kwenda juu, wakiufagia majini kushoto na kulia. Walikuwa wametoweka kama wazalianaji Uingereza tangu karne ya 19. Wakati wa Vita vya Pili mabonde ya pwani hii yalifurikishwa maji kwa makusudi ili Wajerumani wasiweze kutua, na mwaka 1947 avocet wakarudi kutaga kwenye mafuriko hayo. Ndege huyu ndiye nembo ya RSPB mpaka leo. Nyuma ya mabwawa utaona kuba jeupe. Hicho ni kinu cha nyuklia cha Sizewell, na pembeni yake ujenzi wa kingine unaendelea. Wengine hukasirika kwamba kinaharibu picha. Ndege hawaonekani kukijali, ingawa mvutano kuhusu ujenzi huo na hifadhi haujaisha.

Hatua ya 7: Jioni

Lala mchana. Toka tena saa 1 usiku.

Kwenye kingo za majani marefu, jua likiwa chini, anapita bundi mweupe, bila sauti, akiwinda panya kwa kufuata mstari wa ua. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali. Kule wakulima humtundikia sanduku la kutagia ghalani na kumhesabu kama baraka. Mwache aje. Ukisimama kimya penye mti, anaweza kupita hatua kumi kutoka ulipo.

Westleton Common, kwenye vichaka vinene, huimba nightingale, wa kahawia asiye na pambo lolote, arejeaye kutoka Afrika Magharibi. Huimba mchana pia, lakini usiku wenzake wanaponyamaza ndipo utamsikia bila mshindani: mlio mrefu unaopanda, ghafla mngurumo, ghafla kimya. Mwisho wa Mei anakuwa amepunguza, ndiyo maana nilisisitiza tarehe.

Nyika ya Dunwich Heath, ya shirika la National Trust, iko mwendo mfupi kutoka Minsmere, na kuegesha gari hulipiwa. Vichaka vya gorse vya maua ya njano na miiba mikali hutoa harufu ya nazi jua linapovipiga. Kaa huko, au kwenye nyika ya Westleton, hadi saa 3:30 usiku. Nightjar, ndege anayelala chini mchana kutwa, huanza kuunguruma mfululizo dakika kadhaa bila kuvuta pumzi. Alfajiri, kwenye nyika hizohizo, kuna makundi ya ayala wekundu.

Hatua ya 8: Njia, mageti na sheria

Uingereza na Wales kuna zaidi ya kilomita 200,000 za njia za umma, nyingi zikipita katikati ya mashamba ya watu. Mshale wa njano ni njia ya waendao kwa miguu. Wa buluu wanaruhusiwa na farasi na baiskeli. Ukifuata mshale, una haki ya kupita, hata mbele ya dirisha la mkulima. Ukitoka nje ya njia, umeingia shambani kwa mtu. Kwa baadhi yetu, kutembea mashambani tukiwa weusi huvuta macho. Salamu ya kwanza itoe wewe, “good morning” na tabasamu; mara nyingi utajibiwa kwa maelezo ya ndege aliyeonekana asubuhi.

Geti liache kama ulivyolikuta: lililofungwa lifunge, lililo wazi liache wazi. Ng'ombe wenye ndama wazungukie kwa mbali, usipite kati ya mama na mtoto. Hao ndio wanyama hatari zaidi utakaokutana nao. Nyoka mwenye sumu ni wa aina moja tu, adder, ukoo mmoja na kifutu, anayeota jua pembeni mwa njia asubuhi. Mtazame kwa mita mbili tatu, usimguse, ataondoka. Kupe ni tatizo kubwa kuliko yeye, kwa kuwa wengine wana vimelea vya ugonjwa wa Lyme. Ingiza suruali ndani ya soksi, jikague kila jioni, na ukimkuta mng'oe kwa kibano karibu kabisa na ngozi. Ukitokea wekundu unaotanuka siku au wiki kadhaa baadaye, mwone daktari umwambie ulikuwa wapi.

Sheria ya mwaka 1981 ya kulinda wanyamapori inakataza kuwasumbua kiotani ndege walio kwenye orodha maalumu, wakiwemo bittern, avocet, marsh harrier na bundi mweupe. Kung'oa bluebell nako ni kosa. Picha ya kiota usiipige, usiiweke mtandaoni ikionyesha mahali.

Hatua ya 9: Ikiwa wiki yako ni nyingine

Mwisho wa Mei na Juni, nenda Norfolk, kaskazini kidogo. Hifadhi za Strumpshaw Fen na Hickling Broad zina swallowtail, kipepeo mkubwa wa njano na nyeusi ambaye kwa Uingereza nzima huzaliana kwenye mabwawa ya Norfolk tu. Hickling pia ina korongo, waliorudi eneo hilo mwaka 1979.

Wanaotaka wingi badala ya utulivu waende Bempton Cliffs, Yorkshire, ambako ndege wa baharini wapatao nusu milioni hujazana kwenye majabali yenye urefu wa kama mita 100. Ni kelele na harufu kali. Au Visiwa vya Farne, Northumberland, kwa boti kutoka Seahouses, kuona sili na puffin, ndege wa baharini. Vaa kofia ngumu kidogo, kwa kuwa tern, ndege wengine wa baharini, wanaolinda viota hushuka na kudonoa vichwa vya watu. Boti hutegemea bahari, kwa hiyo weka safari hiyo siku ya kwanza uliyofika, si ya mwisho, ili ikiahirishwa ubaki na siku za kujaribu tena.